Uwele, Asali na Ubuyu: Kitafunwa Kisichohitaji Tanuri Kimo Ghalani Mwetu

Imeingia mijini mwetu katika miaka hii ya karibuni, na Singida mjini haikubaki nyuma, desturi ya akina mama na vijana kutengeneza majumbani mwao vitafunwa vya oti na matunda makavu ambavyo havipiti katika tanuri wala havichovywi katika mafuta yanayochemka, bali huchanganywa tu bakulini, vikashikamanishwa kwa asali au kwa tende zilizopondwa, vikafinyangwa matonge madogo au vikakandamizwa katika sinia na kukatwa vipande, kisha vikahifadhiwa mahali pa baridi hata saa ya kuliwa. Mimi si katika wale wanaoibeza desturi hii kwa kuwa imetujia kwa njia ya simu za mkononi. Ina akili ndani yake: haichomi mkaa mwingi, haimfungi mtu jikoni nusu ya siku, na inampa mtoto wa shule nafasi ya kutia mkono katika kazi ya chakula mbele ya mzazi wake pasipo hatari ya kuungua. Mtu aliyezoea kuianza asubuhi kwa maandazi mawili na chai iliyokolea sukari hata kijiko kikasimama, akibadili akala matonge mawili ya nafaka na karanga pamoja na kipande cha papai, atakuwa ameutendea mwili wake hisani.

Ninachokitilia shaka ni dhana iliyofuatana na desturi hiyo, kwamba siha njema ni bidhaa ya kuagizwa, na kwamba mtu wa Singida, ambaye ghalani mwake mna uwele, guniani mna karanga, juu ya mti mna mzinga wa nyuki, na nyuma ya nyumba umesimama mbuyu uliowaona babu zake wakizaliwa, hawezi kula kitafunwa cha maana mpaka aende kwanza dukani akanunue pakiti ya nafaka iliyolimwa katika nchi za baridi, ikavuka bahari, ikapanda lori kutoka Dar es Salaam, ikapita Morogoro na Dodoma na Manyoni, na kumfikia ikiwa na bei ambayo kwayo angejipatia kilo kadhaa za uwele sokoni.

Tuwe na insafu, hata hivyo, kwa oti yenyewe. Ni nafaka njema. Ina nyuzinyuzi ziitwazo beta-glukani, ambazo zikikutana na maji hugeuka ute, na ambazo mtu akizipata gramu 3 kwa siku humsaidia kupunguza lehemu katika damu, jambo ambalo mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu liandikwe juu ya pakiti tangu mwaka 1997. Tena zile oti bapa za dukani zimekwisha kupitishwa katika mvuke kiwandani kabla ya kubanwa, na hiyo ndiyo sababu huweza kuliwa bila ya kupikwa tena. Kwa hiyo mwenye kujisifu kwamba anakula nafaka mbichi isiyoguswa na moto ajue kuwa moto umekwisha kupita, ila ulipita mbali na macho yake. Nalitaja hili mapema kwa kuwa nitakapofika kwenye uwele, na kusema kwamba hauna budi kukaangwa kidogo kikaangoni, asije mtu akanihoji kwamba nimeivunja sharti ya kitafunwa kisichookwa.

Na wale wanaodhani kwamba mchanganyiko wa nafaka na matunda usiopikwa ni uvumbuzi wa juzi, wamkumbuke daktari Maximilian Bircher-Benner wa Zürich, katika nchi ya Uswisi, aliyewalisha wagonjwa wake karibu na mwaka 1900 bakuli la tofaa lililokunwa pamoja na oti zilizolowekwa, maji ya limau na njugu. Katika bakuli lake nafaka haikuwa sultani. Tunda ndilo lililokuwa jingi, na oti ilikuwa kijiko kimoja tu. Inasimuliwa kwamba wazo lenyewe aliliokota kwa wachungaji wa milima ya Alps. Maana yake ni kwamba chakula kinachonadiwa leo kuwa ndicho cha kisasa kilianza kwa msomi mmoja kukitazama chakula cha watu wa bara ya nchi yake pasipo kukidharau. Sisi tumeinakili oti yake, tukaisahau adabu yake.

Pwani yetu nayo haikuhitaji kungoja Zürich. Tangu zamani za kale watu wa mwambao, walioyapata mengi ya jikoni kutoka Bara Hindi kwa njia ya majahazi ya kusi na kaskazi, wamekuwa na ladu: unga au mbegu zilizokaangwa, zikachanganywa na asali ya miwa au sukari, zikatiwa tangawizi na pilipili manga, zikafinyangwa kwa kiganja hata zikawa duara. Bibi wa Kimvita au wa Kiunguja aliyekuwa akizitengeneza hizo hakuwa na tanuri, wala jokofu, wala karatasi ya maelekezo. Alikuwa na kikaango, kinu na mchi, na maarifa ya mkono wake. Umbo hilo hilo la tonge ndilo linalorudi kwetu leo katika picha za simu, likiwa limevikwa jina la kigeni, nasi twalipokea kama mgeni ilhali ni ndugu aliyekaa ughaibuni.

Sasa tuitazame Singida. Huu ni mkoa wa mvua ya msimu mmoja, inayoanza aghalabu mwezi wa Novemba na kukoma Aprili, ambayo kwa mwaka mzima haizidi sana milimita 800 na katika sehemu nyingi haifiki hata hapo. Ardhi ya namna hii ina mazao yake. Mahindi huhangaika juani na mara nyingi humwacha mkulima mikono mitupu. Uwele na mtama huvumilia. Ndiyo maana Wanyaturu, Wanyiramba, Wanyisanzu, na Wagogo wa upande wa Manyoni, wameujua uwele vizazi kwa vizazi, na ndiyo maana inanisikitisha kuona kwamba nafaka iliyowalea wazee wetu katika miaka ya ukame imegeuzwa katika fikira za vijana kuwa alama ya ufukara, chakula cha kupewa kuku, au cha kuliwa na mtu asiyekuwa na uwezo wa sembe nyeupe. Punje ya uwele ina protini kuliko sembe iliyokobolewa, ina madini ya chuma, ina mafuta yake yenyewe, na ina nyuzinyuzi za kumtosha mlaji. Sembe nyeupe, iliyokwisha kuvuliwa kiini na ganda, inabaki na wanga na sifa ya kuwa nyeupe.

Uwele una aibu moja, nami sitaificha. Kwa sababu ya yale mafuta yaliyomo ndani ya punje, unga wake ukikaa baada ya kusagwa huharibika upesi, ukapata harufu ya uvundo na uchungu ulimini, na watu wengi waliouchukia uwele wameuchukia kwa sababu ya unga wa namna hiyo, uliosagwa mwanzo wa mwezi na kuliwa mwisho wake. Dawa yake waliijua bibi zetu kabla ya maabara kuieleza: saga kidogo kidogo, au kaanga kwanza. Joto la kikaango huzima vile vimeng'enya vinavyoyachachusha mafuta, na juu ya hayo huizalisha harufu njema ambayo oti, kwa heshima zake zote, haina. Dakika chache juu ya moto mdogo, huku mwiko ukizunguka bila kusita, mpaka baadhi ya punje zianze kuruka na kupasuka kama bisi na nyumba yote inukie. Hapo uepue, uache upoe, kisha utwange nusu nusu, usiufanye vumbi. Moto uliotumika hautoshi hata kuchemsha sufuria ya maharage kwa robo ya muda wake.

Ama kuhusu tunda, hapa ndipo Singida inapoishinda miji mingi mikubwa. Mbuyu hulikausha tunda lake wenyewe juu ya tawi, ndani ya ganda gumu, pasipo mwanadamu kuwasha moto wala kuanika jamvini. Ukilivunja unakuta nyama yake imekwisha kuwa unga mweupe unaozishika mbegu, wenye uchachu wa kupendeza, wenye chokaa ya kujenga mifupa, na wenye vitamini C nyingi kuliko chungwa kwa uzito ule ule. Wahadzabe wanaoishi Munguli, wilayani Mkalama, ambao riziki yao ya asili ni nyama ya mawindo, mizizi, matunda ya porini, ubuyu na asali, huuchanganya unga huo na maji, au na asali wanapoipata, wakala. Hicho ni kitafunwa cha tunda kisichookwa, na sidhani kama yupo mpishi katika Afrika Mashariki anayeweza kuthubutu kudai kwamba chake ni cha zamani zaidi. Mwaka 2008 Umoja wa Ulaya ukatoa ruhusa ya unga wa ubuyu kuingia katika masoko yake, ukaandikwa katika daftari za sheria kuwa ni chakula kipya. Kipya! Tangu hapo umekuwa ukitiwa katika vitafunwa vya namna hii hii, vya nafaka na matunda, na kuuzwa ghali kwa watu wa London na Berlin wanaoijali afya yao. Mtoto wa Manyoni kwa upande wake hununua shuleni mbegu za ubuyu zilizopikwa kwa sukari tele na rangi nyekundu inayomwachia ulimi kama aliyetafuna tambuu, na hayo ndiyo matumizi makubwa ya ubuyu anayoyajua.

Pamoja na ubuyu kuna ukwaju, ambao nao hukauka mtini, na uchachu wake mzito hufanya kazi ya limau na ya gundi kwa pamoja. Zabibu kavu zapatikana kwa jirani zetu wa Dodoma. Tende hujaa madukani kila unapokaribia mwezi wa Ramadhani, na hakuna sheria inayokataza kuzila katika miezi mingine kumi na mmoja. Embe za Tabora zikija kwa wingi hata zikaozea sokoni, mwenye busara huzikata vipande vyembamba na kuzianika juani chini ya kitambaa safi cha wavu, kama vile wenyeji wa Usukuma na Unyamwezi wanavyofanya tangu zamani kwa viazi vitamu, wakapata michembe na matobolwa ya kuwafikisha mvua nyingine.

Asali ndiyo inayohitaji maneno ya uangalifu, kwa kuwa Singida ni nchi ya asali, na mtu hupenda kukisifu cha kwao hata akapitiliza. Asali ya vichaka vya Itigi na misitu ya Manyoni ina jina jema, na kwa haki. Lakini Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, limeihesabu asali katika kundi moja na sukari ya kuongezwa, likasema jumla ya sukari za namna hiyo isizidi asilimia 10 ya nguvu yote ya chakula cha mtu kwa siku, na ikiwezekana iwe chini ya asilimia 5, yaani kama gramu 25 kwa mtu mzima wa kawaida. Basi mwenye kumimina kikombe kizima cha asali katika bakuli lake kisha akasema ametengeneza kitafunwa cha afya, ametengeneza peremende yenye nafaka. Na mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asipewe asali kabisa, hata ya kulambishwa, kwa kuwa huweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo la mkubwa huvishinda na la mchanga haliviwezi.

Karanga nazo zina sharti. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara, ambayo yote miwili imepakana nasi, kwa kula mahindi yaliyoingiwa na sumukuvu, na karanga ni katika mazao ambayo kuvu huyo huyapenda mno. Kukaanga hakuiondoi sumu hiyo ikaisha. Kilichopo ni kuchambua kwa macho na vidole: punje iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyotoboka au yenye ukungu itupwe, wala asipewe kuku, na karanga za gunia lililolowa zisinunuliwe hata kama bei yake inashawishi. Mbegu za alizeti, ambazo mkoa huu umejaliwa kuzilima kwa wingi na ambazo karibu zote huishia katika viwanda vya kukamua mafuta, zastahili kupunguziwa safari hiyo kidogo; zikimenywa na kukaangwa kwa dakika mbili tatu ni chakula kitamu, na kazi ya kuzimenya ni ya mazungumzo ya jioni.

Basi mwenye kutaka kujaribu na achukue uwele vikombe viwili, aupepete kwa ungo, auoshe haraka ili mchanga utengane nao, auanike hata ukauke sawasawa, kisha aukaange na kuutwanga kama nilivyoeleza. Achukue karanga kikombe kimoja, zilizochambuliwa, zikakaangwa na kutolewa maganda, azitwange mpaka mafuta yake yaanze kutoka, maana hayo ndiyo yatakayoshika tonge. Atie nusu kikombe cha mbegu za alizeti, na nusu kikombe cha tende au zabibu kavu zilizopondwa, na vijiko vitatu vikubwa vya unga wa ubuyu, na tangawizi ya unga, na iliki, na chembe ya chumvi, na pilipili manga ikiwa nyumba hiyo ina watu wazima wenye kuipenda. Kisha amimine robo kikombe ya asali, akikande kitu hicho kwa mkono uliopakwa mafuta kidogo ya alizeti, na kikikataa kushikana aongeze kijiko cha ukwaju mzito, si cha asali. Hapo atapata matonge yapatayo 24. Robo kikombe ya asali ni kama gramu 85, kwa hiyo kila tonge litakuwa na gramu tatu na nusu tu za asali, na mtu akila mawili hajavuka mpaka wowote. Yakiwekwa katika chombo kikavu chenye kifuniko hukaa siku kadhaa bila ya jokofu. Lakini akichagua kuyashikamanisha kwa ndizi mbivu badala ya asali, ambayo ni njia njema na rahisi zaidi kwa mfuko, ayale siku ile ile, kwa kuwa unyevu wa ndizi hauvumilii joto la Oktoba. Watoto wadogo mno wapewe yaliyosagwa laini kabisa, wasije wakapaliwa na vipande vya karanga.

Na mwenye oti yake kabatini asiitupe. Aichanganye nusu kwa nusu na uwele, na atakuwa ameoanisha nyumba mbili njema. Mimi sina uadui na nafaka ya mtu. Nina malalamiko na maduka yetu, ambayo yana oti ya namna tatu au nne rafuni, zilizofungwa vizuri na kupigwa picha ya bakuli la maziwa, na uwele wa mkulima wa Ikungi au Iramba ukiwa haumo hata kwenye kona ya chini. Atakayesema uwele wa sokoni una mchanga na makapi, na kwamba mfanyakazi wa ofisini hana saa ya kupepeta na kukaanga, amesema kweli, na kwa kusema hivyo ameonyesha mahali penyewe penye kasoro. Pana kazi ambayo hakuna anayeifanya. Uwele uliochekechwa, ukaoshwa, ukakaangwa, ukavunjwavunjwa na kufungwa katika pakiti safi yenye tarehe, ungeliwa na wale wale wanaonunua oti leo, na faida ya tijara hiyo ingebaki Singida.

Sitamdanganya mtu kwamba tonge la uwele litaondoa utapiamlo. Watoto walio chini ya miaka mitano waliodumaa katika nchi hii walikuwa asilimia 34 kwa hesabu ya utafiti wa afya wa mwaka 2015 na 2016, wakashuka hadi asilimia 30 mwaka 2022, na tatizo la ukubwa huo lina mizizi katika maji, maradhi, kipato, na malezi ya mama mjamzito. Lakini mtoto wa darasa la pili anayetembea kwenda shule asubuhi, na asiyetia kitu tumboni mpaka saa nane za mchana isipokuwa pipi na barafu ya rangi aliyoinunua getini, anaweza kusaidiwa na kitu kidogo kilichofungwa katika karatasi na kutiwa mkobani, kisichohitaji sahani, wala kijiko, wala moto wa kupashia. Na kwa kuwa serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034, yafaa pia tuvihesabu vyakula vinavyoiokoa nishati yenyewe, kwa maana mti usiokatwa ni bora kuliko jiko la namna yoyote.

Kwa hiyo nawaomba wenye mashine za kusaga na vikundi vya akina mama wa Singida mjini, Manyoni na Kiomboi, ambao tayari wanafungasha asali na mafuta ya alizeti kwa ustadi, wauongeze uwele uliokaangwa katika bidhaa zao. Na kamati za shule ziwape nafasi getini wauza matonge ya nafaka na karanga kabla ya wauza rangi. Nawe msomaji, uwele mpya unaposhuka sokoni mwezi wa Juni, nunua kilo mbili, uzichambue mwenyewe, na uzikaange siku ile ile.